Fundi akiondoka na ufunguo: Tovuti ya zamani huokolewa vipi?

Hebu vuta picha hii. Ni asubuhi kule Jego, katika kaunti ya Kwale, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Tanzania. Kina mama wa kikundi kimoja wameketi chini ya mwembe, na leo hakuna anayecheka. Tuseme kikundi chao huuza mafuta ya nazi na mikeka, na mara moja moja hupokea wageni wanaotaka kutembezwa kwenye mikoko. Mwaka 2012 kijana mmoja wa hapo kijijini, aliyekuwa amesomea mambo ya tarakilishi, aliwatengenezea tovuti. Kwa miaka mingi tovuti hiyo ndiyo iliyokuwa baraza lao: mgeni wa mbali aliwasoma humo, akaona picha zao, akapiga simu.

Sasa kijana huyo hayuko. Amefariki ghafla, na wiki tatu baada ya mazishi mteja mmoja anapiga simu kutoka Nairobi kusema kwamba ukurasa haufunguki. Kina mama wanatazamana. Hakuna anayejua neno la siri. Hakuna anayejua tovuti ililipiwa wapi wala kwa nani. Kitu pekee wanachojua ni kwamba "yule kijana ndiye aliyekuwa akishughulika nayo."

Kisa hiki nimekitunga kuwa mfano. Hata hivyo, ukiona kinafanana na cha kikundi chenu, shule yenu, msikiti wenu au biashara yenu, usishangae. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilianza kuwa rahisi kidogo hapa kwetu, na vijana wengi wakajifunza kazi ya kuunda tovuti. Mara nyingi kazi ilifanywa kwa kuaminiana. Kijana alitumia barua pepe yake mwenyewe kuandikisha kila kitu kwa sababu kikundi hakikuwa na yake, na hakuwa na nia mbaya. Lakini ufunguo wa nyumba nzima ukabaki katika mfuko wa mtu mmoja.

Je, baada ya mtu huyo kuondoka, yote yamepotea? La hasha. Mara nyingi mengi huweza kuokolewa, bora watu wajue waanzie wapi na wasichelewe.

TOVUTI SI KITU KIMOJA

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kudhani kwamba tovuti iko ndani ya tarakilishi ya fundi, kwa hivyo wanaanza kuitafuta tarakilishi hiyo. Kwa kweli tovuti ni vitu vitatu, na kila kimoja kina mahali pake.

Fikiria duka la pale Lunga Lunga. Kuna kibao cha jina kilichotundikwa juu ya mlango. Kuna chumba kilichokodishwa. Halafu kuna bidhaa zilizopangwa ndani. Tovuti nayo ni hivyo hivyo. Kibao ni jina la tovuti, lile linaloishia kwa .com, .co.ke au .or.ke. Chumba ni seva, yaani tarakilishi ya kampuni fulani, pengine Nairobi au ng'ambo, ambayo huwashwa usiku na mchana ili watu wasome kurasa zenu. Bidhaa ni faili zenyewe: picha, maandishi, orodha za bei, na daftari la ndani ambalo mafundi huliita hifadhidata.

Jina hulipiwa kodi yake, na chumba hulipiwa kodi yake, kwa kawaida kila mwaka. Huenda hata kodi hizo zikalipwa kwa kampuni mbili tofauti. Ndiyo sababu inawezekana chumba kikafungwa na jina likabaki, au jina likaanguka huku bidhaa zote zikiwa salama ndani ya chumba kisicho na kibao. Kabla ya kulia, uliza ni kipi kilichopotea.

ANZENI NA JINA

Katika hivyo vitatu, jina ndilo la kushughulikia kwanza. Picha zaweza kupigwa tena na maandishi yaweza kuandikwa upya, lakini jina likichukuliwa na mtu mwingine huenda msilipate tena.

Majina yanayoishia kwa .ke yako chini ya KeNIC, shirika lililoundwa mwaka 2002 kusimamia majina hayo. KeNIC huyauza kupitia mawakala walioidhinishwa. Kuna daftari la majina ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma kwenye intaneti bila malipo. Ukiandika jina la tovuti yenu humo, utaona mambo mawili ya maana: wakala aliyeliuza na tarehe ambayo muda wake unaisha. Wakati mwingine jina la mwenyewe pia huonekana, ingawa siku hizi mara nyingi hufichwa ili kulinda siri za watu.

Tarehe hiyo ndiyo kalenda yenu. Kwa majina ya .com utaratibu unajulikana. Muda ukiisha, wakala anaweza kuliweka jina hadi siku 45 akimngoja mwenyewe alipe. Baadaye huja siku 30 za kulikomboa, na hapo ada huwa kubwa zaidi. Kisha hubaki siku 5 tu kabla jina halijaachiliwa kwa yeyote anayelitaka. Jumla yake haizidi siku 80. Tena mawakala wengine huliuza jina kwa mnada kabla ya hapo. Kwa majina ya .ke, mpigieni wakala simu siku hiyo hiyo na mumwulize masharti yake.

Huenda ukauliza, nani atakayetaka jina la kikundi cha kina mama wa Jego? Jibu ni kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa. Jina la zamani lina wasomaji wake na limeunganishwa na kurasa nyingine nyingi. Mnunuzi anaweza kuweka humo matangazo ya kamari, au mambo ya aibu, na wageni wenu wakaja kuyakuta. La kuogofya zaidi, atakayelichukua jina anaweza pia kupokea barua pepe zinazotumwa kwa anwani zenye jina hilo. Mteja akiandika kuuliza alipe pesa wapi, atajibiwa na tapeli.

SIMANZI NA KALENDA

Hapa ndipo penye ugumu ambao vitabu vya mafundi havisemi. Katika jamii yetu ya Pwani, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Huo ni muda mrefu kuliko zile siku 80. Tukisema "tungoje hadi mjane atoke eda ndipo tuulize," jina litakuwa limeshakwenda. Na tukienda siku ya tatu baada ya mazishi kudai tarakilishi, tutakuwa tumekosa adabu na huruma.

Njia ya katikati ipo. Dini yenyewe imetufundisha kwamba kabla ya mirathi kugawanywa, madeni ya marehemu hulipwa na amana za watu hurudishwa. Faili za kikundi, zikiwa mikononi mwa marehemu, si mali yake. Ni amana. Kwa hivyo mnapokwenda kuzungumza na familia hamwendi kuomba sehemu ya urithi wala kumshtaki marehemu. Mnakwenda kuisaidia familia imtue ndugu yao mzigo aliokuwa amebeba kwa niaba ya wengine.

Wachagueni wajumbe wawili: mama mmoja mzima anayeheshimika, ambaye ataweza kuketi na mjane, na mzee mmoja atakayezungumza na baba au kaka wa marehemu. Salamu za rambirambi zitangulie. Halafu semeni kwa upole, "Mama, marehemu alikuwa akitutunzia kitu cha kikundi, nacho kina tarehe. Tunaomba mtusaidie kukitafuta nyinyi wenyewe, nasi tungoje." Msiombe mpewe simu au tarakilishi mwende nayo. Humo mna picha za watoto wake na siri za nyumba yake. Ombeni mtu wa familia aifungue mwenyewe, atafute folda yenye jina la kikundi, na ainakili kwenye flashi.

Ikiwa kuna mvutano kati ya ndugu, basi shauri lipelekwe kwa wazee, na likishindikana kwa Kadhi, ambaye Katiba ya 2010 inamruhusu kusikiliza mambo ya mirathi kwa Waislamu. Lakini aghalabu halifiki huko. Watu wakieleweshwa, husaidia.

Kuna onyo moja. Msimtafute kijana hodari wa mitandao "avunje" neno la siri la marehemu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya tarakilishi na uhalifu wa mtandaoni inahesabu kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa, hata kama nia yako ni njema.

KUGONGA MLANGO WA SEVA

Wakati familia ikitafuta, nyinyi tafuteni kampuni yenye seva. Anzeni na simu zenu. Je, mweka hazina aliwahi kutuma pesa za tovuti kwa M-Pesa moja kwa moja kwa kampuni? Je, kuna risiti kwenye faili ya kikundi? Je, fundi aliwahi kuwatumia barua pepe ya kampuni akisema "tulipe hii"? Ujumbe mmoja tu waweza kuwafungulia njia nzima. Mkikosa kabisa, fundi mwingine anaweza kutazama mipangilio ya jina na kuwaambia linaelekea kwenye seva ya nani.

Mkishaipata kampuni, msiende mikono mitupu. Andikeni barua yenye muhuri wa kikundi, mkiambatisha cheti cha usajili, muhtasari wa mkutano uliowateua wajumbe, risiti za malipo ya nyuma, na kama fundi amefariki, nakala ya cheti cha kifo ikiwa familia itakubali kuitoa. Ombeni mambo mawili. La kwanza, wasifute chochote wakati shauri linashughulikiwa, hata ikibidi mlipe deni la kodi. La pili, wawape nakala kamili au wahamishe akaunti kwa jina la kikundi.

Sheria nayo haijawatupa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zilikubaliana vingine. Kwa maneno mengine, kama kikundi ndicho kilichoagiza, barua yenu ina uzito.

Sikiliza vizuri hapa, kwa maana wengi hujikwaa. Nakala kamili ina sehemu mbili. Tovuti nyingi za zamani zimejengwa kwa programu iitwayo WordPress, iliyoanza mwaka 2003. Katika tovuti za aina hiyo, picha zenu hukaa ndani ya folda iitwayo "uploads", lakini maneno yote mliyoandika hayamo humo. Hayo yamo katika hifadhidata, ambayo huhifadhiwa kando. Mtu akiwaletea folda peke yake, mtakuwa na picha zisizo na habari. Akiwaletea hifadhidata peke yake, mtakuwa na habari zisizo na picha. Daini vyote viwili. Mkivipata, msijali kuhusu neno la siri la zamani: fundi mpya anaweza kuandika jipya ndani ya hifadhidata hiyo kwa dakika chache.

KAMA CHUMBA KIMESHABOMOLEWA

Tuseme mmechelewa, na kampuni imeshafuta kila kitu. Bado usikate tamaa. Kule San Francisco, Marekani, kuna maktaba iitwayo Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Tangu mwaka huo imekuwa ikipita katika tovuti za dunia nzima na kuzipiga picha, tuseme hivyo, kisha kuweka akiba. Mwaka 2001 ilifungua mlango kwa umma kwa jina la Wayback Machine. Ukiandika jina la tovuti yenu humo, utaonyeshwa kalenda ya miaka. Bonyeza tarehe, na pengine utaona ukurasa wenu kama ulivyokuwa siku ile.

Nasema pengine, kwa kuwa hazina hiyo ina mipaka. Tovuti ndogo hutembelewa mara chache. Picha nyingine hukosekana. Hifadhidata haimo, kwa hivyo mtapata sura ya ukurasa wala si mashine iliyouendesha. Aidha, hakuna ghala lisiloweza kupatwa na janga: Oktoba 2024 Internet Archive yenyewe ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao na ikafungwa kwa siku kadhaa. Mkikuta kurasa zenu humo, zinakilini mara moja, moja baada ya nyingine, na picha zake.

Baada ya hapo rudini nyumbani. Picha ile ya waasisi wa kikundi huenda iko katika simu ya binti wa mmoja wao, alipotumiwa kwa WhatsApp. Orodha ya bei huenda iko katika barua pepe mliyomwandikia mteja mwaka 2015. Maelezo ya safari ya mikoko huenda yako kwenye kijitabu mlichochapisha Ukunda kwa ajili ya watalii wa Diani.

Msidhani hii ni kazi ya maskini waliozubaa. Hata tovuti ya kwanza kabisa duniani, iliyotengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, haikuhifadhiwa ilivyokuwa mwanzoni. Mwaka 2013 CERN ilianza kazi ya kuirudisha, na nakala iliyopatikana kwanza ilikuwa ya mwaka 1992. Nakala ya mwaka 1991 ilijitokeza baadaye kwa Paul Jones wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ambaye alikuwa amepewa na Berners-Lee mwenyewe na akaitunza. Waliokianzisha kitu chenyewe walisaidiwa na rafiki aliyeweka nakala!

NA KAMA FUNDI YU HAI?

Si kila fundi aliyeondoka amefariki. Wengine wamekwenda kutafuta riziki Nairobi, Doha au Muscat, na nambari zao za zamani hazipatikani. Huyo mtafuteni kupitia mama yake, si kupitia matusi kwenye mitandao. Akipatikana, mwambieni mnachotaka kwa ufupi: jina lihamishwe kwa kikundi, akaunti ya seva ibadilishwe barua pepe, na nakala kamili itumwe.

Na mjiulize kwa haki: tulimlipa? Wapo mafundi ambao wamelipia majina ya wateja wao kwa miaka kutoka mifukoni mwao, wakingoja pesa ambazo hazikuja. Kama lipo deni, likubalini na mpange kulilipa. Ni vigumu kudai amana yako kwa mtu ambaye wewe mwenyewe unamdhulumu.

Vilevile msingoje sana. Tangu Desemba 2023, kampuni ya Google imejipa ruhusa ya kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili. Ikiwa barua pepe ya fundi ndiyo iliyoandikishwa kila mahali, nayo ikafutwa, njia iliyokuwa ndefu itakuwa ndefu zaidi.

TUSIRUDIE KOSA

Wakazi wa Jego, Vanga na Kiwegu hawahitaji kufundishwa maana ya kupoteza kumbukumbu. Mto Umba, unaotoka milima ya Usambara, ukifurika huingia mashambani na majumbani, na vyeti na madaftari huenda na maji. Anayekaa karibu na mto huweka karatasi zake juu. Basi na tovuti tuitendee hivyo hivyo.

Fungueni barua pepe ya kikundi, si ya mtu. Jina na seva viandikishwe kwa barua pepe hiyo na kwa jina la kikundi. Watu wawili wajue neno la siri, na mmoja wao asiwe fundi. Tarehe ya kulipia iandikwe katika daftari la mweka hazina kando ya michango ya kila mwezi. Kila baada ya miezi mitatu, fundi alete nakala kamili: moja ikae kwenye flashi kwa katibu, nyingine kwenye tarakilishi ya shule au ya jamaa aliye mji mwingine, ili moto au mafuriko yasichukue zote.

Nawe fundi unayesoma ukurasa huu, kuna zawadi unayoweza kuwaachia wateja wako na wazazi wako. Tangu mwaka 2013 Google huruhusu mtu kuchagua watu wasiozidi 10 watakaojulishwa, na kukabidhiwa anachoruhusu, akaunti yake ikinyamaza kwa muda aliouweka, kuanzia miezi 3. Kuijaza fomu hiyo si kujitabiria kifo. Ni sawa na kuandika wasia, jambo ambalo wazee wetu wamelihimiza siku zote.

Sasa turudi chini ya mwembe. Kina mama wetu wa mfano wamepata flashi kutoka kwa kaka wa marehemu, yenye picha za mwaka wa kwanza, na wakala amekubali kulishikilia jina hadi barua yao ifike. Bado hawana maneno yote, na mengine itabidi wayaandike upya. Lakini ukurasa ukifunguka tena, wamekubaliana jina la yule kijana liandikwe chini kabisa, kwamba ndiye aliyeutengeneza.

Wewe je, msomaji? Leo jioni mpigie simu mweka hazina wa kikundi chenu, na umwulize swali moja tu: jina la tovuti yetu limeandikishwa kwa nani, na linaisha lini? Akinyamaza, umeshajua kazi ya kesho asubuhi.